Fundi Aliyekikata Kifaru Kichwa

Hakuwa akishika spana kabla hajaamkiwa. Hata kama mkanda wa mtambo wa kuchambua mkonge umekatika na wafanyakazi wamesimama na matita mabegani, ungemwendea mbio ukihema, ukaanza kueleza, naye angekutazama tu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, mpaka ukumbuke.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Haya sasa, nani kafa?"

Jina lake nalijua, na ukoo wake wazee wa Mtang'ata wanaujua kuliko mimi. Wacha ukae huko huko. Kwetu shambani, shamba la mkonge lililokuwa kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, aliitwa Fundi. Mkewe alimwita Fundi. Meneja, Mzungu ambaye sisi wengine wote alituita kwa kupiga makofi, naye alimwita Fundi. Msomaji ajue mapema kwamba mimi ndiye niliyeletwa nichukue mahali pake katika karakana ya shamba lile, kwa hiyo asitarajie nimpake mafuta.

Nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya. Sikupelekwa na serikali wala misheni. Nilizaliwa Amani, mlimani, kwa baba aliyekuwa akifagia vijia vya bustani ya utafiti na kuimba kanisani Jumapili. Nikashuka Tanga kwa miguu yangu, nikapata kazi ya kutia makaa melini, nikafika Uingereza, nikafanya kazi kiwandani mchana na kusoma jioni kwa miaka minne, nikarudi na diploma ya ufundi wa mitambo yenye muhuri mwekundu. Sikumjua Mwafrika mwingine katika wilaya ile mwenye karatasi kama hiyo, na sioni haya kulisema, maana hakuna aliyenishika mkono.

Siku niliyoripoti, Fundi aliniomba aione. Akaifuta mikono yake kwenye suruali, akaipokea kwa heshima, akainusa. Kisha akaigonga kwa kifundo cha kidole na kuiweka sikioni.

"Haina sauti," akasema, akanirudishia. "Iweke mbali na grisi, bwana mdogo. Itaharibika."

Karakana nzima ilicheka. Tangu siku hiyo watu waliniita Ulaya.

Kugonga ndiyo iliyokuwa elimu yake. Kila chuma alichopita karibu nacho alikigonga, akasikiliza, akakipa ugonjwa. Ekseli ya trekta "ina kikohozi." Bomba la mvuke "lina mimba." Safari moja nilipima mhimili wa mtambo wa mkonge kwa kipimo changu cha Uingereza, kinachosoma unene wa unywele, nikaandika kwamba ni mzima. Yeye akaugonga mara moja. "Una kifua," akasema. Siku ya tatu ukakatika katikati ya kazi. Kisa hicho kilisimuliwa mpaka Muheza. Lakini nasema kwa haki: mara mbili nyingine alivitupa vyuma vizima kabisa kwa sababu ya kifua hicho hicho, nikaviokota na kuvitumia, na visa hivyo sikumsikia mtu akivisimulia popote.

Vipimo vyake vilikuwa shibiri na dhiraa. Nilimwuliza, dhiraa ya nani? Maana mikono ya watu si sawa.

"Yangu," akasema. "Kwani mwenye kazi ni nani?"

Matokeo yake ni kwamba milango, mikokoteni, madawati, mpaka magurudumu ya mikanda, vyote vililingana na mkono wa mtu mmoja tu duniani. Nilipoagiza kifaa kwa inchi, kikaja kwa meli kikiwa kimefungwa vizuri kwenye karatasi ya nta, hakikuingia popote. Shamba zima lilikuwa limeshonwa kama kanzu ya mtu mwingine.

Hakuruhusu mtu atukane mbele ya injini. Alisema mashine inasikia, na ikitukanwa inavunjika moyo. Binadamu, kwa upande wake, hawakuwa na moyo wa kuvunjika: aliwatukana asubuhi na jioni, kwa baba zao na kwa babu zao, na kwa miguu yao. Aliwacheka waganga na hirizi zao, lakini hapakuwa na injini mpya iliyowashwa pale kabla hajaifukizia ubani. Nilipomwonyesha kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja, alinijibu kwamba uganga ni ushirikina, ubani ni adabu.

Na alikuwa mtu wa sala tano aliyesema uongo mmoja mkubwa. Alikuwa amekwenda vitani Burma na jeshi la Mwingereza, hilo kweli. Aliporudi akawaambia watu kwamba kule alikuwa dereva wa kifaru. Alieleza jinsi kinavyopanda mlima, jinsi kinavyonguruma, jinsi Wajapani walivyokimbia. Mkewe, mama mwenye maneno machache na ulimi mkali, ndiye aliyenifunulia siku niliyokwenda kuazima ngazi.

"Dereva? Alikuwa akiwapikia wali madereva. Muulize habari za sufuria, ataacha kusema."

Nilimwuliza. Hakuona haya hata chembe.

"Mpishi ndiye anayekijua kifaru," akasema. "Dereva anajua kukipeleka tu. Mpishi anajua wangapi wameingia na wangapi wametoka. Anazihesabu sahani."

Uongo huo ndio uliomletea kazi iliyomtoa.

Ilikuwa katika miaka ile Kenya kulipokuwa na vita vya msituni. Magazeti ya Nairobi yalifika kwa Meneja yakiwa na picha za mapanga, naye akayasoma yote. Akaanza kula na bunduki mezani. Akaweka mbwa watatu. Huku kwetu, kati ya Muheza na Pangani, adui pekee aliyewahi kuvamia shamba alikuwa nguruwe mwitu, lakini nguruwe hawaandikwi magazetini. Basi Meneja akasikia kwamba kwa Mhindi mmoja muuza vyuma mjini Tanga kipo kifaru kikuukuu, mojawapo ya vile vilivyoletwa nchini baada ya vita ili ving'oe visiki kwenye mashamba ya karanga huko bara. Karanga hazikuota, vifaru vikauzwa kama vyuma chakavu. Meneja akakinunua, kikaletwa juu ya trela mbili zilizofungwa pamoja, mzinga wake umekatwa, minyororo yake imejaa kutu, injini yake bado inaishi kwa miujiza.

Akatuita sote wawili barazani kwake.

"Fundi, wewe ulikuwa dereva wa kifaru."

Fundi alinitazama. Mimi nilitazama maua.

"Ndiyo, Bwana."

"Nataka ukigeuze. Kichwa kitoke. Mahali pake paundwe gari la deraya la kubeba askari wanane. Mawe yasiingie, panga lisiingie, risasi isiingie. Juu kifungwe. Na tundu za bunduki zielekee huku." Akanyoosha mkono.

Tukageuka kutazama alikonyoosha. Ilikuwa kambi ya manamba, wale vibarua wa mkataba waliotoka bara. Moshi wa chakula cha mchana ulikuwa ukipanda.

"Huko kuna wanawake wanasonga ugali, Bwana," Fundi akasema.

"Huko huko."

Kisha akatoa lile lililokuwa moyoni mwake siku nyingi. Alisema karakana moja haiwezi kuwa na wakuu wawili. Fundi ataunda. Mimi, kwa kuwa nina diploma, nitakikagua na kutia saini karatasi kwamba watu watakaokaa ndani watakuwa salama. Kikifaa, Fundi abaki na ukuu wake na nyumba yake, na mimi nitafutiwe shamba jingine. Kisipofaa, ukuu ni wangu, naye atafute pa kwenda.

Nyumba ile ilikuwa ya mawe, imeezekwa bati, jirani na karakana. Alikaa humo tangu aliporudi vitani. Mkewe alikuwa amepanda milimau miwili mbele ya mlango, na ndani walikuwa na kitanda cha besera, chenye nguzo nne na paa la kitambaa, kilichoingizwa kwa kubomoa ukuta, kwa kuwa Fundi alikipima kwa dhiraa yake baada ya mlango kujengwa. Nakiri kwamba tuliposhuka barazani, nilikuwa nimekwisha kuipanga nyumba ile kichwani: meza yangu dirishani, vitabu vyangu ukutani.

"Ulaya," Fundi akaniambia njiani, "usiitazame nyumba yangu hivyo. Inaona."

Kazi ikaanza. Sikatai, alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kichwa cha kifaru kilikuwa kizito kuliko lori mbili, nasi hatukuwa na winchi ya kukiinua. Akasimamisha magogo matatu ya mvule, akatundika mnyororo na kapi, akawaita wanaume thelathini. Hakutaka niwaelekeze, aliwaimbia wimbo wa kushusha chombo majini, wakavuta kwa pumzi moja, kichwa kikapanda kama kifuniko cha chungu. Kichwa hicho kilichowahi kuwatafuta Wajerumani, sijui katika jangwa gani, kiliwekwa nyuma ya karakana, na juma lililofuata kuku wa mkewe wakaanza kutaga ndani yake.

Nilimshauri aache juu wazi. Nilimwonyesha kwa hesabu: injini iko nyuma, chuma kinashika moto, hewa haitoshi. Alinisikiliza vizuri.

"Bwana kasema kifungwe."

"Bwana hajui mitambo."

"Kamwambie basi. Si una karatasi?"

Sikwenda kumwambia.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo, nadhani, lisingetokea kwa mtu mwingine ila mtu wa pwani ile. Kabla ya vita, kabla ya sufuria za Burma, Fundi alikuwa amejifunza kuunda vyombo vya baharini. Mikono yake haikujua kuunda kitu cha kubeba watu ila chombo. Basi akaunda chombo. Mabamba ya chuma aliyapanga kama mbao za ubavu, akaanzia chini, akapanda, akayafunga kwa ribiti, misumari minene ya kubania chuma kwa chuma. Mahali bamba lilipokutana na bamba, akakalafati. Naam, alikalafati deraya: akasokota pamba, akaichovya katika mafuta ya papa, akaipigilia kwenye mianya kwa patasi na nyundo ya mti, tang, tang, tang, kutwa nzima. Harufu ilifika mpaka kwa Meneja.

"Risasi inaogopa pamba?" nilimwuliza.

"Risasi sijui. Maji hayataingia."

"Nani kasema habari za maji?"

"Watu huwa hawasemi habari za maji," akasema, "mpaka yameingia."

Mwisho akaweka kifuniko juu, cha chuma, cha bawaba mbili. Watu wangepanda kwa ngazi, washuke ndani kwa tundu, kisha kifuniko kifungwe kwa komeo nene kama mkono.

Siku ya ukaguzi nilivaa shati jeupe na viatu nilivyorudi navyo kutoka Ulaya, vya ngozi ya kahawia, vya kufunga kamba. Nilipima unene wa mabamba, nikahesabu ribiti, nikapiga hesabu ya uzito juu ya minyororo. Kila kitu kilikuwa sawa, na niliandika hivyo kwa Kiingereza kizuri, kurasa mbili. Nikapanda ngazi, nikafunua kifuniko, nikachungulia. Ndani kulikuwa na giza, na mafuta ya papa yalikuwa yakichuruzika kwenye sakafu.

"Ingia," Fundi akasema kutoka chini. "Chombo hakikaguliwi kwa kuchungulia."

Nilivitazama viatu vyangu. Nikasema nimeona vya kutosha, nikashuka, nikatia saini.

Siku ya kukionyesha ilikuwa ya kaskazi, jua la saa sita. Meneja aliwaalika mameneja wa mashamba jirani na wake zao, wakaketi kwenye viti chini ya turubai na vinywaji mkononi. Manamba nao walisimama mbali, upande ule ule wa tundu za bunduki. Wakaingia dereva wa trekta, Sajini wa askari wa shamba na watu wake wanne, na mwisho Meneja mwenyewe, aliyetaka marafiki zake wamwone akishuka ndani. Fundi akapanda, akafunga kifuniko, akasukuma komeo. Akafukiza ubani wake. Kifaru kikanguruma, kikaondoka.

Kilikwenda vizuri mpaka mwisho wa kiwanja. Hapo kilitakiwa kigeuke. Dereva, ambaye alikuwa na tundu la kuonea lisilozidi upana wa vidole viwili, hakuuona mfereji. Kifaru kikainama, pua ikazama, kifuniko kikalirukia komeo lake na kurudi kwa kishindo, injini ikazima. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndivyo kinavyofanya.

Tukasubiri kifuniko kifunguke. Hakikufunguka. Kisha sauti ya Sajini ikatoka kwenye tundu la bunduki.

"Fundi! Huku ndani hakuna komeo!"

"Komeo liko nje!"

"Basi lifungue!"

Fundi alikwisha kupanda. Komeo lilikuwa limepinda kwa ule mshindo na kung'ang'ania ndani ya pete zake. Akalipiga nyundo mara kumi, halikutikisika. Chuma chote kilikuwa cha moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu, na injini nyuma ilikuwa bado ikipumulia joto lake ndani. Moshi na mvuke wa mafuta ya papa ulianza kutoka kwenye tundu.

"Fundi, wallahi tunaiva!" Sajini akalia. "Huyu mmoja kesha lala!"

Sauti ya Meneja haikusikika kabisa, na hilo ndilo lililotutisha.

Nikajua la kufanya. Nilipiga kelele iletwe mitungi ya gesi, nilikate komeo kwa moto. Nilikwisha kuuwasha mdomo wa bomba, ulimi wa buluu umesimama, Fundi aliponishika kifundo cha mkono.

"Moto juu ya pamba na mafuta? Unataka kuwachoma mishikaki?"

Nikauzima. Miaka minne ya masomo ya jioni, na mpishi ndiye aliyenikumbusha kwamba mafuta yanawaka.

Yeye akateremka, akaenda ubavu wa kushoto, akaanza kuyagonga mabamba, moja moja. Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa akilitafuta lile bamba la mwisho. Aliniambia baadaye kwamba kila chombo kina ubao wa mwisho, ule uliopachikwa wakati hakuna tena nafasi ya kuingiza mkono kwa ndani, na huo ndio mlango wake wa kweli, kwa sababu ulifungwa kutoka nje. Akalipata. Akaichomoa kalafati yake kwa ncha ya patasi, uzi mrefu mweusi wa pamba, akazikata ribiti kwa nyundo, moja, mbili, mikono ikitoa malengelenge juu ya chuma kile. Alipofika ya sita bamba likalegea. Akaingiza mtaimbo, wanaume wakaulalia.

Walitoka mmoja mmoja, kwa magoti. Askari aliyezimia alivutwa kwa miguu, akamwagiwa maji, akafumbua macho. Meneja alitoka wa mwisho. Alikuwa mwekundu kama pweza aliyepikwa, nywele zimelala, shati limeloa mafuta ya papa, akatambaa nje ya deraya yake mbele ya wageni wake.

Halafu huko mbali, upande wa manamba, mwanamke mmoja akacheka. Akafuata wa pili. Kisha kambi nzima.

Nimefikiri mara nyingi: Meneja angeweza kusamehe kuiva. Kicheko kile hakukisamehe.

Jioni ile tukasimama tena barazani. Mikono ya Fundi ilikuwa imefungwa vitambaa. Meneja alikuwa ameoga, lakini harufu ilikuwa bado.

"Kwa nini komeo liliwekwa nje?"

"Mimi nimetokea kwenye vyombo, Bwana. Tumbo la chombo hufungwa kwa juu. Ndani kuna shehena, na shehena haijifungulii."

"Watu ni shehena?"

"Bwana ulisema mawe yasiingie, panga lisiingie, risasi isiingie," Fundi akasema kwa upole. "Habari za watu kutoka hukuzitaja."

Meneja akaichukua karatasi yangu mezani. Niliona saini yangu, na mkia wake mrefu niliokuwa nimeufanyia mazoezi kwenye meli. Akanigeukia.

"Hapa imeandikwa watu watakuwa salama."

Nilifungua kinywa. Namhakikishia msomaji kwamba nilikifungua. Lakini Fundi aliwahi.

"Huyo alipima unene wa chuma. Unene uko sawa. Komeo niliweka mimi, na la ndani sikuweka mimi. Hakuna mwingine."

Nikakifunga kinywa changu.

Fundi akapewa mpaka Ijumaa awe amehama. Walitoa kitanda cha besera kwa kubomoa ukuta ule ule. Mkewe aliing'oa milimau yake kwa mizizi na kuitia katika makopo. Aliponipita hakuniaga, alisema tu, "Kuku nimekuachia. Hawataki kutoka kwenye kichwa." Mimi nikawa mkuu wa karakana, nikaweka meza yangu dirishani. Kifaru kilibaki katika mfereji ule ule, ubavu wazi, mpaka majani yakakifunika, na Meneja akarudi kwa mbwa wake.

Nimekuwa mkuu mzuri. Mitambo haikusimama, vitabu vya kazi vilikuwa safi, na wakaguzi kutoka mjini walinisifu kwa maandishi. Lakini kila nilipotia saini, nilifikiri: yule mzee amebeba kosa langu. Nilitunza hotuba ya kumwambia siku tutakapokutana. Niliitunga kwa Kiswahili kizuri, yenye kukiri na kushukuru, na nilijua atalia kidogo.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini nilipopata safari ya Mkwaja, kutazama injini ya pampu. Nilikwenda kwa gari langu mwenyewe, dogo lakini langu. Nikaambiwa yuko fundi mmoja mzee nyuma ya duka. Nikamkuta uani. Alikuwa amekonda. Alikuwa akiunda kinu cha kukamua mafuta ya nazi kutoka kwenye ekseli ya lori, gurudumu la baiskeli na pipa, na mkewe alikuwa amechuchumaa kando na beseni la machicha. Sijapata kuona kitu kibaya kama kinu kile.

Nilimsalimu, akaitikia, akaendelea na kazi. Nikaitoa hotuba yangu. Nilimwambia kwamba nilitia saini bila kuingia ndani. Kwamba ningeingia, ningeona hakuna komeo. Kwamba kwa miaka yote hii nimejua kosa lilikuwa langu na yeye akalibeba, na nimekuja kumwomba radhi.

Aliiweka spana chini. Sikuwahi kumwona amekasirika kweli kabla ya siku ile. Matusi yake yote ya zamani, nikatambua, yalikuwa mchezo.

"Kosa lako?"

"Nilitia saini, Fundi."

"Nilikuona ukivitazama viatu. Nani hakukuona? Sasa unataka useme nini, kwamba komeo langu liliwekwa na wino wako?" Akamgeukia mkewe. "Umemsikia? Ile nyumba kachukua, ule ukuu kachukua, na hili nalo kaja kulichukua."

"Mzee, nilitaka kukupunguzia."

"Nani kakwambia linanilemea? Chombo kile niliunda mimi, kutoka ubao wa kwanza. Kilivyokuwa kizuri ni changu, kilivyokuwa kibaya ni changu. Watu saba niliwafungia mimi, na saba niliwatoa mimi. Wewe ulikuwa umesimama na moto mkononi." Akaichukua tena spana. "Hebu niambie, umeunda nini tangu niondoke?"

Nikamwambia nimeleta pampu mbili mpya na mtambo wa umeme.

"Hizo umeletewa. Nakuuliza umeunda nini."

"Mkuu wa karakana haundi. Anasimamia."

"Aa," akasema, na hasira ikamtoka yote kwa mara moja, na nilichokiona usoni pake badala yake kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kilifanana na huruma. "Kosa lile ni langu, mwanangu. Kaunde kitu kwanza, nawe utapata lako."

Nilikuwa na jibu. Mtu aliyefika Ulaya kwa koleo la makaa hakosi jibu, na hata sasa ninalo, na ni jibu zuri. Lakini mkewe alikuwa amesema, "Fundi, tazama," na kinu kile kibaya kilikuwa kimeanza kutoa mafuta, tone moja, kisha jingine, na wote wawili walikuwa wameliinamia beseni, vichwa vyao vimegusana, na hapakuwa na mtu uani pale aliyekuwa akinisikiliza.